Mwanya Usio wa Kuzaliwa

Mwanya wa kuzaliwa nao hauna neno. Mwanya unaojitokeza wenyewe mtu akiwa kidato cha tatu, huo ni wa kupelekwa hospitali. Ningependa mashangazi wote wa Tanga walijue hilo, maana wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza. "Sasa umekuwa binti," aliniambia, "umetoa mwanya kama wa marehemu bibi yako." Nami nikavimba kichwa. Bibi, kwa jinsi babu alivyopenda kusimulia, aliposwa kwa sababu ya mwanya huo. Basi nikawa nasimama mbele ya kioo nikitabasamu peke yangu, wala sioni kwamba meno yale mawili ya mbele hayakuachana tu: moja lilikuwa limerefuka na kujitokeza kuliko mwenzake.

Maumivu hayakuwapo. Fizi hazikuvimba, mdomo haukunuka, na damu ilitoka mara moja moja nikipiga mswaki, jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelihesabu kuwa ugonjwa. Mama alikuwa mkali wa mswaki kama alivyokuwa mkali wa sala ya alfajiri, na sala ya alfajiri pale kwetu haikuwa na mjadala.

Kilichonipeleka kwa tabibu ni gego la chini, upande wa kushoto. Nilikuwa natafuna hindi la kuchoma nikalihisi linakwenda na kurudi. Tabibu wa kwanza aliligusa kwa kidole, likacheza, akasema jino likicheza dawa yake ni kung'olewa. Akaongeza, akimtazama mama badala ya kunitazama mimi, kwamba watoto wa siku hizi ni pipi tu, mswaki hawaujui. Mama alinyamaza njia nzima ya kurudi. Mimi gego halikuniuma; yeye aibu ile ilimuuma. Lakini kung'olewa alikataa. Alisema gego la mtoto halitoki kabla mtu hajamweleza limelegezwa na nini.

Daktari wa fizi tuliyempata Dar es Salaam hakuanza na gego. Aliniambia nitabasamu, akauliza, "Mwanya huu umezaliwa nao, binti?" Mama akajibu kwamba hapana, umekuja mwaka huu huu. Daktari akaitikia kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Kisha akachukua kifimbo chembamba cha chuma, ncha yake butu, kimechorwa mistari ya milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya ufizi na jino, jino baada ya jino, akitaja namba na nesi akiandika. Mbili. Mbili. Tatu. Mbili. Ikaendelea hivyo hivyo mpaka nikaanza kuona tumepoteza nauli. Alipofika kwenye gego la kwanza la chini nikakihisi kile kifimbo kinashuka mahali ambapo sikujua kuna nafasi.

"Tisa," akasema.

Nesi akainua kichwa. "Tisa?"

"Tisa."

Na ufizi wenyewe, ukiutazama kwa nje, ulikuwa wa waridi, umekaa vizuri. Hakuna ambaye angedhani kwamba chini yake kuna shimo lililopita nusu ya mzizi.

Picha ya eksirei ilisema yale yale. Mfupa unaoshikilia magego ya kwanza ulikuwa umeliwa kwa mteremko, kushoto na kulia karibu sawasawa, na kwenye meno ya mbele ulikuwa umeshuka. Meno mengine yote yalisimama kwenye mfupa mzima. Daktari akatueleza kwamba magego ya kwanza na meno ya mbele ndiyo meno ya ukubwani yanayotangulia kuota, mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8, na kwamba ugonjwa huu wa fizi wa vijana huanzia hapo na mara nyingi huishia hapo hapo. Kisha akamgeukia mama. "Mama, mtoto huyu anapiga mswaki. Tazama, ukoga ni kidogo kabisa. Hapa kuna bakteria wanaoua chembe nyeupe za damu." Nadhani mama hakuisikia sentensi ya mwisho. Alikuwa bado kwenye ile ya mswaki.

Mimi niliisikia. Baba naye aliisikia tulipomsimulia, akaibishia. Nilikuwa nimepimwa picha kamili ya damu, na chembe nyeupe zilikuwa katika kiwango cha kawaida. "Kama zinauawa," baba aliuliza, "mbona zimetimia?" Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea maabara huwa nawapa majibu ya heshima, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumjibu mzee.

Siku hizi mashine ndiyo inayohesabu. Ikitilia shaka sampuli, natandaza tone la damu kwenye kioo, nalipaka rangi, nahesabu kwa macho yangu. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, hazinipi shida: kiini chake cha zambarau kimegawanyika vipande vitatu, vinne, vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba, na mwili wake umejaa punje ndogo ndogo. Punje zile zimebeba vimeng'enya vya kuyeyusha bakteria. Vimeng'enya hivyo havibagui. Vikimwagika nje ya chembe huyeyusha pia nyuzi za nyama ya mwenye mwili.

Kwa mtu mzima mwenye afya, nyutrofili huwa kati ya nusu na robo tatu ya chembe nyeupe zote. Usiku na mchana baadhi yake hutoka kwenye mishipa, hupenya ufizi na kwenda kukaa kwenye ule ufa mdogo kati ya jino na ufizi, zikiwazuia bakteria wa kwenye ukoga wasishuke. Mahali hapo hakuna chembe nyeupe za aina nyingine zinazozifikia kwa wingi. Sasa, tone la damu ninalolivuta kwenye mkono wa mgonjwa halina habari yoyote ya ufa huo. Ndivyo nilivyomjibu baba hatimaye: barabarani zimetimia, zinauawa mlangoni. Akasema kumbe ndiyo hivyo, akaendelea na gazeti lake.

Bakteria mwenyewe anaitwa Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Jina hilo hata wenzangu kazini hawalirudii mara mbili, tunasema Aa. Alielezwa kwanza na Klinger mwaka 1912, lakini ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo watafiti wa Philadelphia, mwishoni mwa miaka ya 1970, walipoonyesha kwamba akikutanishwa na nyutrofili za binadamu maabara, nyutrofili zinakufa. Sumu inayofanya kazi hiyo ikaitwa lukotoksini. Ni protini yenye asidi amino zaidi ya 1,000, ya ukoo mmoja na sumu ambayo baadhi ya E. coli, bakteria wa utumboni, huitumia kupasua chembe nyekundu.

Kinachonishangaza mpaka leo ni mahali inaposhikia. Chembe nyeupe ina juu ya utando wake protini iitwayo LFA-1. Kwa msaada wa protini hiyo hujishikiza kwenye ukuta wa mshipa, husimama, kisha hujipenyeza kwenda kwenye jeraha. Wapo watoto, wachache sana duniani, wanaozaliwa na kasoro kwenye kipande cha protini hiyo kiitwacho CD18. Ukiwapima damu utakuta chembe nyeupe zimefurika, kwa sababu hazipati pa kutokea, na watoto hao ugonjwa wa fizi huwachukulia hata meno ya utotoni. Lukotoksini inashika papo hapo, kwenye LFA-1. Inaikamata chembe kwa kile kile kilichoisaidia kutoka kwenye mshipa, halafu inatoboa utando wake. Tena inachagua: inawinda chembe za binadamu na za jamaa zake wa karibu kama sokwe na nyani, na wanyama wengi wengine haiwadhuru hivyo.

Nyutrofili ikitobolewa humwaga zile punje zake pale pale ufizini. Makrofaji, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo zikiguswa na sumu hiyo hutoa kwa wingi kemikali iitwayo interlukini-1 beta, ambayo ni miongoni mwa ishara kali za kuamsha chembe zinazokula mfupa. Nilipolielewa hilo niliirudia ile picha yangu ya eksirei kwa jicho jingine. Bakteria hawakuutafuna mfupa wangu. Mfupa uliliwa na mwili wangu mwenyewe, kwa ishara zilizotolewa na chembe zilizokuwa zikifa.

Kwa watu wazima bakteria anayetajwa zaidi ni mwingine, Porphyromonas gingivalis, na mbinu yake si ya kuua moja kwa moja. Huyo anazivuruga chembe nyeupe: zinabaki hai, zinawasha uvimbe miaka nenda rudi, na yeye haziwezi kummaliza. Nalisema hili kwa sababu nikisimulia yangu mbele ya watu wazima, kila mwenye fizi zinazotoka damu hudhani ana Aa. Wengi wao wana ugaga, yaani ukoga uliogumaa, wa miaka, basi, na wanachohitaji ni kiti cha daktari wa meno.

Aa wenyewe pia hawalingani. Wako watu wengi wanaoishi naye mdomoni na meno yao hayana habari. Tofauti moja kubwa ni kiasi cha sumu anachotengeneza. Kuna ukoo wake uitwao JP2, uliopatikana kwanza kwa mtoto wa Kimarekani mwenye asili ya Afrika, umri wake miaka 8. Ukoo huo umepungukiwa herufi 530 za vinasaba kwenye sehemu inayodhibiti utengenezaji wa sumu, na kwa upungufu huo hutoa sumu mara 10 hadi 20 zaidi ya wenzake. Moroko ndiko alikochunguzwa kwa makini zaidi. Dorte Haubek na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa huko kwa miaka miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Waliokuwa na JP2 walikuwa na hatari mara 18 hivi ya kuanza kupoteza nyama na mfupa unaoshikilia meno, wakilinganishwa na wasio na Aa kabisa. Waliokuwa na Aa wa aina nyingine, mara 3. Sijui kama kuna bakteria wengi wa mdomoni wenye namba kama hizo.

Watafiti wa vinasaba wanaona kwamba JP2 alianzia Afrika ya Kaskazini, akaenea Afrika Magharibi, halafu akavuka Atlantiki vinywani mwa watu waliouzwa utumwani. Nilikuwa nasoma hilo kwenye daladala, nikashindwa kuendelea mpaka nikashuka. Tulio watu wa Pwani tuna misafara yetu na majahazi yetu ya kukumbuka.

Mimi mwenyewe sikupimwa kujua kama wangu ni JP2 au la. Kipimo hicho ni cha maabara za utafiti, na tiba isingebadilika. Faili langu la zamani lina jina la ugonjwa ambalo leo limeachwa. Tangu mkutano wa 2017 wa kuainisha magonjwa ya fizi madaktari hutaja ugonjwa umefikia hatua ya ngapi na unakwenda kwa kasi gani, halafu wakaongeza kwamba umeshika magego na meno ya mbele. Sawa. Meno ni yale yale.

Hadithi ya uchafu ndiyo inayonichosha. Miaka ya 1980 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwachunguza watu zaidi ya 1,000 wilayani Machakos, Kenya, matokeo yakatoka 1988. Ukoga na ugaga vilikuwa vimetapakaa. Kwa hesabu ya tabibu wangu wa kwanza, watu wale wote wangekuwa vibogoyo. Haikuwa hivyo: uharibifu mkubwa ulikuwa umelundikana kwa wachache, na wengi walikuwa na meno yao mpaka uzeeni. Simaanishi kwamba mswaki hauna kazi. Aa naye anaishi ndani ya ukoga, na mimi napiga mswaki kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ninachokataa ni mtoto kusomewa hukumu kabla hajapimwa.

Tiba haikuwa ya kupendeza. Nilichomwa sindano za ganzi, mizizi ikakwanguliwa chini ya ufizi, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye. Sauti ya chuma kwenye mzizi inapita kwenye taya moja kwa moja mpaka sikioni, hata ukiziba masikio haisaidii. Nikapewa amoksilini na metronidazo kwa pamoja, wiki nzima, na ile metronidazo inafanya hata chai ionje chuma. Mchanganyiko huo ulianza kujulikana kutokana na kazi iliyofanywa Uholanzi na kuchapishwa 1989. Unawaondoa Aa ambao kukwangua peke yake huwaacha, maana hujipenyeza mpaka ndani ya nyama ya ufizi. Lakini vidonge bila kukwangua havifui dafu. Bakteria waliojifungia ndani ya ukoga dawa haiwafikii ipasavyo. Nawaona watu dukani wakinunua vidonge hivyo kwa kuhesabu, vinne leo, vinne kesho, kwa ajili ya fizi, na ninajua kinachofuata: ugonjwa unabaki, na bakteria wengine wa mwilini wanajifunza kuizoea dawa.

Gego la kushoto halikuokoka. Liling'olewa baadaye, na safari hiyo mama alikuwa anajua sababu, akanishika mkono bila kubishana na mtu. La kulia lipo hadi leo, na kwenye picha za miaka iliyofuata mfupa ulionekana umejaa kiasi. Kwa vijana hilo linawezekana shimo likiwahiwa. Meno ya mbele yalikaza. Mwanya haukufunga, na sikuutaka ufungwe kwa waya, kwa kuwa meno yaliyopungukiwa mfupa hayasukumwi ovyo, na gharama nayo ilikuwa ya kufikirisha.

Jambo lililotupa faida kubwa zaidi ni agizo lililotolewa siku ile ile ya kwanza, tulipokuwa tumeshafika mlangoni: "Walete na ndugu zake." Aa hupita kwa mate, zaidi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na ugonjwa huu hupenda kukaa ndani ya familia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 12, anacheza mpira, anacheka na meno yote. Alikataa katakata kupanda basi kwa sababu ya ugonjwa wa dada. Akapimwa. Mbili, mbili, tatu, halafu tano kwenye gego moja, na tano kwenye la upande wa pili. Alikwanguliwa, akapewa dawa, na meno yake yote yapo.

Mama naye alipimwa. Gego lake la kwanza lilikuwa limeondoka zamani akiwa na mimba yangu, na watu wakati ule walisema ni mimba imelila. Hapo ndipo shangazi, aliyekuwa amekuja kututazama, alipotia neno: marehemu bibi, yule wa mwanya, meno ya mbele yalimtoka kabla hajafika miaka 40, akawa anaziba mdomo kwa upande wa kanga akicheka. Watoto walidhani ni haya. Siwezi kuapa kwamba ni ugonjwa ule ule, mifupa ya mtu aliyezikwa haipigwi picha. Lakini tangu siku hiyo shangazi amegeuka mkaguzi. Kwenye harusi, msibani, popote, akimwona binti mwenye mwanya anamvuta pembeni amuulize umeanza lini. Wengine wanakasirika. Mmoja alikwenda kupimwa, akakutwa mzima, wa kuzaliwa nao. Bado wanatutania kwa hilo.

Ningekuwa na sauti kwenye mipango ya afya shuleni, ningeomba kitu kimoja kidogo. Wanapokuja wataalamu wa meno kuwafundisha watoto kupiga mswaki, basi wapitishe na kifimbo kile kwenye magego manne ya kwanza na meno ya mbele ya wenye miaka 12 hadi 15. Kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme, na huchukua dakika chache kwa kila mtoto. Mswaki wafundishwe, ndiyo, lakini mswaki hauoni milimita tisa.

Mdogo wangu sasa ni dereva wa malori, njia ya Tunduma, na kila baada ya miezi michache lazima apite kwa daktari wa meno kusafishwa na kupimwa upya. Hajawahi kwenda bila kunung'unika. Juzi alinipigia kutoka Mbeya kulalamika kwamba bei imepanda, na kwamba meno yake hayamuumi hata kidogo, kwa hiyo anaona safari hii apumzike. Nikamwambia hata langu halikuuma. Akakaa kimya kidogo, akauliza kama nitachangia nusu. Nimemtumia.